Jiwe Lako Ulijue Kabla ya Kuliuza



Tukizunguka Kasigau na Kamtonga tunakuta jambo lile lile. Zurura amechimba wiki tatu, amepata jiwe. Jioni dalali anafika na tochi, analimulika, anakunja uso: "Hili lina nyufa." Mchimbaji ana njaa na karo inadaiwa. Anauza. Bei imewekwa na mnunuzi, maana ndiye peke yake anayelijua jiwe.

1. Kituo ni cha nini?
Tangu 1979 Serikali inayo KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda yenye makao Nairobi. Wazo lake ni rahisi: mashine na wataalamu wasiowezwa na mtu mmoja, walipiwe na kodi ya wote. Kwa wazo hilo hilo Serikali ilijenga Kituo cha Vito hapa Voi, ili jiwe lipimwe, likatwe na kung'arishwa karibu na shimo lilikotoka.

2. Jiwe hupimwaje?
Macho hudanganya; hata kipande cha chupa ya kijani hung'aa. Mtaalamu hutazama jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe. Katika rubi mwanga hugawanyika mara mbili. Katika tsavorite haugawanyiki, lakini hupinda zaidi kuliko katika chupa. Halafu hupima uzito: karati 5 ni gramu 1.

3. Je, kila jiwe likatwe?
Hapana. Jiwe likikatwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito, ingawa bei ya kila karati hupanda. Lenye nyufa nyingi laweza kupasuka. Pata ushauri kwanza.

Tukumbuke: Campbell Bridges alipata tsavorite upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikapewa jina la Tsavo yetu. Jina limebaki hapa, faida imekwenda kwa wakataji wa mbali.

4. Kikundi kifanye nini?
- Kiombe kibali cha wachimbaji wadogo chini ya Sheria ya Madini ya 2016.
- Kitume watu wawili Kituoni waulize huduma na ada.
- Kipime na kuandika uzito wa kila jiwe kabla ya kulikabidhi kwa yeyote.
- Kiweke akiba kidogo, njaa isituuzie jiwe.

Maswali ya kujadiliana
Jiwe la mwisho tuliuza kwa bei ya nani? Nani kati ya vijana wetu aende kujifunza kukata?

Haba na haba hujaza kibaba.