Mahindi Lishe na Wajibu wa Chama

Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi matupu aweza kushiba na bado akadhoofika. Protini ya mahindi ya kawaida ina upungufu wa laisini na triptofani, viini viwili ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Nyumba yenye maharage, dagaa au maziwa huuziba upungufu huo. Isiyo navyo haina njia.

Mwaka 1964 Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba aina moja ya mahindi ilikuwa na laisini karibu mara mbili ya kawaida, kwa sababu ya jeni moja tu. Lakini punje zake zilikuwa laini kama chaki, nyepesi mizanini, na fukusi walizishambulia upesi. Mkulima auzaye kwa kilo hakuwa na sababu ya kuzipanda, wala hawezi kulaumiwa. Ndipo Surinder Vasal na Evangelina Villegas, katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, walipochagua mbegu kizazi baada ya kizazi hadi wakapata punje ngumu zenye lishe ileile. Walitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000. Mwaka 2001 Tanzania iliidhinisha Lishe H1, Lishe H2 na Lishe K1.

Hapa ndipo kazi ya katibu inapoanza. Ugumu uliorudishwa umefuta alama: kwa macho mahindi haya ni mahindi tu. Tena jeni yenyewe ni nyonge, haifanyi kazi isipotoka kwa wazazi wote wawili. Chavua ya shamba la jirani ikipeperushwa na kuangukia hindi la lishe, punje iliyochavushwa hivyo hurudia ukawaida msimu uohuo. Mistari ya kingoni huathirika zaidi kuliko ya katikati. Kwa hiyo mwenye nusu eka huumia kuliko mwenye eka kumi. Dawa ni wanachama wenye mashamba yanayopakana kukubaliana kupanda mbegu moja. (Jina la lishe lisidhaniwe kuwa kinga ya ukame, uvumilivu wa ukame hutokana na jeni nyingi nyingine.)

Lishe H1 na H2 ni chotara, hununuliwa upya kila msimu. Lishe K1 yaweza kuhifadhiwa kwa mbegu, mradi ichaguliwe katikati ya shamba lililotengwa mbali na mahindi mengine. Chama kinachotoa gunia lolote ghalani na kuliuza kama mbegu ya lishe kinamuuzia mama jina tupu, na mtoto hatapata kitu.

Ghalani mahindi haya yawekwe peke yake. Lebo ya mfuko wa mbegu ibanwe pamoja na stakabadhi ya mwanachama, na mzigo usio na lebo uandikwe leja kuwa mahindi ya kawaida, hata mwenye nao akiapa.