Mas-ala ya Nyumba Iliyonunuliwa na Wapangaji Wamo Ndani

Jueni, enyi ndugu zetu wa pwani, ya kuwa bara ya Unyamwezi si ngeni kwetu. Wazee wetu walishika njia ya misafara toka Bagamoyo hata Unyanyembe, wakajenga huko na kuoa. Kisha ikaja reli, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912. Na Goweko ni stesheni mojawapo ya njia hiyo, upande wa mashariki ya Tabora. Hata leo mtu wa pwani huweza kurithi au kununua nyumba mahala kama hapo, na afunguapo mlango akakuta watu wamo ndani.

Basi na tuiweke mas-ala hivi. Mtu amenunua nyumba Goweko, ya tofali za udongo. Wapangaji watatu wamekwisha kumlipa muuzaji kodi ya miezi sita, na muda wao bado haujesha. Mnunuzi akaona ukuta wa nyuma una ufa, nguzo zimeliwa na mchwa, na mvua i karibu. Akawaambia: Nyumba hii mbovu, na mimi ndiye mwenyewe sasa; tokeni kesho kutwa. Je, ana haki?

Jawabu: Hana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kuuza nyumba iliyokodishwa hakuvunji ijara. Mnunuzi huipata nyumba hali manufaa yake yamefungwa mpaka muda ule uishe, na kodi iliyokwisha kulipwa si yake, ni ya muuzaji. Ikiwa hakujua kuwa nyumba imekodishwa, ana khiyari. Lakini khiyari hiyo ni baina yake na muuzaji: airudishe nyumba atwae fedha zake, au astahimili. Mpangaji hahusiki. Wengi hukosea hapa. Mtu hudanganywa na muuzaji, kisha hasira zake akazimwaga juu ya mama mwenye watoto aliyelipa kodi yake kwa haki. Wala kufa kwa mwenye nyumba hakuvunji ijara, basi mrithi naye hukumu yake ni hiyo hiyo.

Ama ufa na nguzo, hayo ni juu ya mwenye nyumba. Katika Minhaji ya Imam Nawawi imebainishwa ya kuwa kuitengeneza nyumba ni kazi ya mkodishaji. Akiharakisha, ijara huendelea. Asipofanya, mpangaji ndiye mwenye khiyari ya kuivunja. Angalieni khiyari iko mkononi mwa nani! Tena kitabu hicho kimetaja mpaka theluji ya juu ya dari, kuwa kuiondoa ni juu ya mwenye nyumba, na kufagia kiwanja ni juu ya mpangaji. Theluji kwetu hakuna, lakini mwenye tembe la Unyamwezi aifahamu maana yake. Dari ya tembe ni miti iliyofunikwa udongo. Isiposhindiliwa na kupewa njia ya maji kabla ya Novemba, mvua zianzapo huko na kuendelea hata Aprili, udongo huloa na kuwa mzito, na ikiwa mchwa wametangulia, dari huanguka. Sisi tuliozoea mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko tusihukumu kwa macho ya pwani. Na aitwe fundi wa huko huko.

Na sheria ya serkali imekaza zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka mkodishaji wa nyumba ya kukaa watu aiweke katika hali ya kukalika. Na upangaji usio na muda maalumu hauvunjwi ila kwa ilani isiyopungua kipindi cha kulipia kodi. Kwa hiyo aliyepanga kwa mwezi, kumpa siku mbili ni dhulma kwa fiqhi na kwa sheria.

Huenda msomaji akauliza: Je, waachwe ndani mpaka ukuta uwaangukie? Hasha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam likaua watu zaidi ya 30, na tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo. Ukuta ukiwa wa khatari, na waambiwe siku ile ile, wahamishiwe vyumba vilivyo salama, na ukuta utiwe miega. Na ikiwa hapana budi nyumba ivunjwe, ijara hukatika tangu siku manufaa yalipokosekana, na kodi ya siku zilizobaki hurudi kwa aliyeilipa. Aliyelipa miezi sita kwa shilingi 30,000 kila mwezi, akakaa miwili, yake ni shilingi 120,000. Kwa rai yetu, mnunuzi atakaye waondoke upesi na azitoe yeye kwanza, kisha amdai muuzaji aliyezipokea. Maana mwenye kuhama hawezi kungoja ugomvi wa wawili hao.

Kabla ya hayo yote, mnunuzi na aulize serkali ya kijiji kama kiwanja ni cha kijiji, au kimo katika hifadhi ya reli. Muuzaji aliyepaka chokaa juu ya alama nyekundu ya X ameficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha nyumba, ila asikawie baada ya kujua.

Wapangaji wakikataa kutoka hali muda umekwisha na ilani wamepewa, njia ni kushitaki. Baraza la Kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, husuluhisha tu. Mwenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa bati, kutupa vyombo nje na kutia kufuli mpya usiku hayamo katika njia hiyo.