Kabla Mashine ya Kura Haijafika Sola

Wakazi wa Sola, wilayani Maswa, teknolojia ya uchaguzi si ngeni kwao. Mwaka 2015 waliandikishwa kwa BVR, mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha wapiga kura: alama za vidole na picha zikaingia kwenye kompyuta. Kura yenyewe imebaki karatasi: unatia alama, unatumbukiza sandukuni, kisha zinahesabiwa kwa mkono kituoni mbele ya mawakala. Siku ukiletwa muswada wa mashine ya kupigia au kuhesabia kura, haya ndiyo ya kuyatafuta ndani yake.

Tafuta kwanza karatasi. Namibia ilianza kutumia mashine mwaka 2014. Sheria yao ilitaka kila kura iache ushahidi wa karatasi, na hesabu zikipishana, karatasi ndiyo iamue. Lakini waziri alipotangaza sheria ianze kutumika, aliviacha nje vifungu hivyo viwili. Watu wakapiga kura 2014 na 2019 bila karatasi. Februari 2020 Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wa waziri ulikiuka Katiba, lakini matokeo ya 2019 hayakufutwa. Kwa hiyo usiishie kusoma muswada. Fuatilia hadi tangazo la serikali, uone kama kifungu cha karatasi nacho kimeanza kazi.

Karatasi peke yake haitoshi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Desemba 2018, mashine zilichapa chaguo la mpiga kura kwenye karatasi iliyotumbukizwa sandukuni. Mzozo ukazuka hata hivyo: maaskofu Wakatoliki walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale ya waangalizi wao. Sheria iamuru matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni, mawakala wapewe nakala, na yatangazwe kituo kwa kituo. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2022: fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, na aliyetaka akajumlisha mwenyewe.

Halafu, nani anaweza kuifungua mashine? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru seva za tume zikaguliwe. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu, na kukataa huko kukawa hoja mojawapo ya kufuta matokeo ya urais Septemba 1. Hapa kwetu ndipo penye uzito. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya tume kumtangaza mshindi. Ubunge na udiwani vinapelekwa mahakamani, urais hapana. Naamini kuleta mashine huku ibara hiyo ikibaki ilivyo ni kumnyima mpiga kura mlango wa mwisho.

Siri ya kura nayo iandikwe wazi: mashine inayotambua kidole chako isijue umemchagua nani.

Muswada ukifika Bungeni, kamati hualika maoni ya wananchi. Andikeni yenu kwa maandishi, mtaje kifungu kwa namba na maneno mnayotaka yaongezwe, mbakie na nakala, na mbunge wenu apewe yake.