Mwongozo wa Pamoja wa Mahali pa Kuogelea: Somo kutoka Masasi na Newala

Uwanda wa juu wa Makonde una uhaba mkubwa wa mito. Mvua inyeshayo hapo huzama upesi katika udongo wa kichanga, kisha hutokea tena chini, penye chemchemi za miteremko. Kwa sababu hiyo kijana wa Newala apendaye kuogelea au kupiga kasia hana budi kushuka bondeni kuelekea mto Ruvuma, mpakani mwa Msumbiji. Huko zipo hatari ambazo mwenyeji huzijua na mgeni hazifahamu: mamba, viboko, mkondo wenye nguvu na kichocho.

Je, elimu ya wenyeji yaweza kuwafikia wote? Naam, kwa mwongozo wa pamoja katika intaneti. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hujengwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza akijuacho. Katika Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mifereji ili kukabili mafuriko. Shule za Masasi na Newala zaweza kufuata njia hiyo kwa kuandika mambo manne.

Kwanza, mahali. Nyuzi moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi. Basi tarakimu nne baada ya nukta hubainisha mahali kwa takriban mita 11. Tarakimu mbili tu huacha shaka ya kilometa nzima.

Pili, mwendo wa maji. Chagua kijito ambacho wenyeji wamethibitisha kuwa hakina mamba, wala usiingie majini. Pima mita 10 ukingoni, tupa kipande cha ubao, uhesabu sekunde. Ubao ukitumia sekunde 8, mwendo ni 10 ÷ 8 = mita 1.25 kwa sekunde. Mwogeleaji wa kawaida hafikii mwendo huo, mkondo utamchukua.

Tatu, viumbe. Andika penye konokono na majani ya majini, hasa maji yaliyotulia. Viluwiluwi vya kichocho hutoka katika konokono wa aina fulani na kupenya ngozi ya mtu katika dakika chache. Kwa hiyo maji maangavu si ushahidi wa usalama.

Nne, tarehe. Kijito cha Septemba, wakati wa kiangazi, si kijito cha Februari, wakati wa mvua. Habari isiyo na tarehe yaweza kuua.

Watazamaji wawili wakihitilafiana, habari zote mbili zihifadhiwe pamoja na tarehe zake, na ile yenye tahadhari zaidi ifuatwe mpaka mahali pachunguzwe tena. Aidha, maneno "haijachunguzwa" na "hapana hatari" yasichanganywe kamwe. Nafasi tupu katika ramani haimaanishi kwamba mamba hayupo. Yamaanisha tu kwamba hakuna aliyeandika.

Maswali
1. Ubao umekwenda mita 10 kwa sekunde 25. Tafuta mwendo wa maji.
2. Je, jibu lako latosha kusema kwamba mahali hapo ni salama? Toa sababu mbili.
3. Kwa nini habari ya zamani isifutwe inapopatikana mpya?