Taa ya Breki na Namba ya Simu

Somo letu la leo linahusu barabara. Usiseme, "Mimi sina gari, halinihusu." Ukipanda basi, bodaboda au gari la mizigo kwenda mnadani, iko siku trafiki atalisimamisha na wewe umo ndani. Tena wengi wetu siku hizi tuna mtoto, mke au shemeji anayeendesha chombo cha moto. Basi tusome pamoja, polepole, na penye ubishi tubishane.

Kisa chenyewe tulikipata katika kikundi kimoja cha kisomo. Mama mmoja, mwanakikundi, hununua nyanya vijijini na kuzipeleka mjini kwa kirikuu yake. Anaendesha mwenyewe, na leseni anayo. Asubuhi moja, akiwa na matenga kumi na mawili, trafiki alimpungia mkono. Akasimama pembeni. Mazungumzo yao, kama alivyotusimulia, yalikuwa hivi:

"Habari za safari, dada?"

"Nzuri, afande. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, unataka kunizeesha? Lete leseni."

Askari aliizungukia gari, akarudi, akaisoma leseni kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyomo.

"Taa yako ya breki ya kushoto haiwaki. Hilo ni kosa. Elfu thelathini."

"Nisamehe, afande. Nitaitengeneza leo leo nikifika mjini."

"Nikusamehe? Sura kama hii inabebeshwa nyanya! Mwenye mali yuko wapi?"

Mama akacheka. Anasema alicheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Askari naye akacheka. Kisha akageuza kitabu chake, akamsogezea kalamu, akasema, "Haya, nimekusamehe. Andika namba yako hapo nyuma, nijue kama umefika salama."

Akaandika. Akaruhusiwa kwenda. Jioni ikaja simu: "Umefika, mrembo?" Kesho yake tena, saa nne za usiku, mumewe ameketi hapo hapo. Wiki ya pili mama hakutaka tena kupita njia ile. Akamtafuta kijana wa kumwendeshea, kwa shilingi 15,000 kila safari. Tufanye hesabu kidogo, maana sisi ni watu wa kisomo: faini aliyosamehewa ilikuwa 30,000. Safari mbili za kijana yule ni 30,000. Safari ya tatu na kuendelea ni hasara tupu, na hapo hatujazungumzia maneno ya nyumbani.

Tulipolipeleka jambo hili darasani, tulidhani wote watasema neno moja. Wapi! Darasa liligawanyika vipande vipande.

Mzee mmoja wa miaka zaidi ya sabini alisema hivi: askari ni askari, ukimwona kaa mbali, ukishindwa kukaa mbali mpe anachotaka aondoke. Vijana walimcheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hofu ile ina historia. Jeshi la polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919, Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi hii kutoka kwa Wajerumani. Halikuundwa ili limsaidie mkulima aliyeibiwa mbuzi. Liliundwa kulinda utawala wa wageni, na mwanakijiji alimjua askari kama mtu anayekuja kuchukua: kuchukua kodi ya kichwa, kuchukua watu. Uhuru ulikuja mwaka 1961, lakini hofu haikushushwa siku ile ile pamoja na bendera. Baadaye ikaja kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Mzee anakumbuka kulala kwenye shamba la mihogo usiku mgambo walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Na hata leo, mtoto akilia usiku, mama wangapi humwambia, "Nyamaza, polisi huyo anakuja"? Mtoto yule akikua, akipotea mjini, unadhani atamkimbilia polisi au atamkimbia?

Kijana wa bodaboda naye hana hofu ya mzee, ana hasira. Kwake yeye trafiki ni mtu wa kukwepwa kwa njia ya vichochoroni. Alisema, "Yule mama ana bahati. Mimi sijawahi kuambiwa nina sura nzuri. Mimi naambiwa lete ufunguo." Darasa lilivunjika mbavu. Lakini neno lake lina uzito. Kosa ni lile lile, taa haiwaki. Mmoja anaandikiwa, mwingine anasamehewa kwa ajili ya sura yake. Je, hiyo ni sheria?

Wako pia waliosema polisi waachiwe wizi na ujambazi mkubwa tu, mengine tuyamalize wenyewe. Hao wanatoka kwenye mila ya sungusungu. Sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwetu Usukumani na Unyamwezini, sehemu za Kahama, wizi wa ng'ombe ulipozidi na wananchi wakachoka kuona mtu wanayemshika leo wanakutana naye mnadani kesho kutwa. Hatutaingia ndani sana hapo, ni somo la siku nyingine. Inatosha kuona kwamba ile nayo ilikuwa njia ya kusema, "Hatuwategemei."

Halafu dada mmoja, fundi cherehani, akasimama na kusema bila kuficha: "Mimi trafiki akinichekea, namchekea. Nusu saa yangu imepona, na elfu thelathini yangu iko mfukoni. Kuna ubaya gani? Namba ya simu nampa ya uongo." Wanawake kadhaa walipiga makofi. Tukubali, ni akili ya mtu mnyonge, na mnyonge hutumia alicho nacho. Ila yule wa nyanya alimjibu kwa upole: "Mwenzangu, aliibipu pale pale. Ilipoita mkononi mwangu, ningesema nini?"

Aliyetufungua macho zaidi ni mama mwingine, mkimya, ambaye binti yake ni askari wa usalama barabarani. Yeye alisema tunasahau upande wa pili. Binti yake husimama juani tangu alfajiri, na hapiti dereva wa lori bila kumwita "mchumba", "mke wangu", "afande mzuri hivi utaniandikia kweli?" Akinuna, anaambiwa ana roho mbaya. Akitabasamu, anaambiwa amekubali, na dereva anaondoa gari kabla ya kukaguliwa tairi. Naye analazimika kuchagua mara hamsini kwa siku. "Mwanangu alikwenda pale kukagua breki," alisema, "hakwenda kuposwa."

Basi turudi kwenye jambo lenyewe. Je, kutaniana barabarani ni kosa? Sisi ni watu wa utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani, Mngoni na Mhehe vile vile, na hakuna anayekwenda mahakamani. Lakini angalieni kanuni ya utani, maana utani una kanuni: mtani hujibiwa. Ukinitupia neno, nakutupia kubwa zaidi, na watu wanacheka. Tena naweza kuondoka. Sasa mweke yule mama pembeni ya barabara. Leseni yake iko mkononi mwa askari. Nyanya zinaiva juani. Elfu thelathini inaning'inia. Je, anaweza kumjibu askari, "Hebu toka hapa, na kitambi chako hicho"? Anaweza kuwasha gari na kwenda zake? Hawezi. Kwa hiyo ule haukuwa utani, hata kama wote wawili walicheka.

Na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, hata baadhi ya askari. Askari kukusalimu vizuri si kosa, ni adabu. Kukupa onyo na kukuacha uende ukatengeneze taa si kosa pia. Onyo ni sehemu ya kazi yake. Tatizo linaanza pale msamaha unapotolewa kama zawadi yake binafsi, kisha zawadi ikadaiwa malipo. Faini si mali ya askari hata aweze kuisamehe kwa kubadilishana na namba ya simu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema ni kosa kwa mtu mwenye mamlaka kutumia mamlaka hayo kudai upendeleo wa ngono, au upendeleo mwingine wowote, ili ampe mtu haki au nafuu fulani. Ndiyo ile tunayoiita rushwa ya ngono. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa hata ukifanywa kwa maneno. Je, namba ya simu peke yake imefika huko? Wanasheria wanaweza kubishana. Simu za saa nne za usiku kwa mke wa mtu ambaye hajazitaka, hizo sisi tunaona zinaelekea huko huko.

Sasa tuone mambo ya kusoma, kwa sababu kusoma kwako kuna kazi hapa. Askari wa vyeo vya chini ana namba yake ya kazi, na herufi WP ni za askari wa kike. Isome, ikariri, ukifika mbele iandike. Si ugomvi kuijua namba ya askari, yeye ameisoma leseni yako. Akikuandikia faini, soma hati kabla ya kuondoka: jina lako, namba ya gari, kosa, kiasi. Wakati wa kisa hiki faini ya gari ilikuwa hiyo 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji, Serikali ilitangaza katika bajeti ya mwaka 2021 kuipunguza hadi 10,000. Hailipwi mkononi mwa askari. Hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo iliyo kwenye hati, kwa simu, kwa wakala au benki. Na usipokubali kosa una haki ya kukataa, jambo likaamuliwe mahakamani.

Yule mama alituuliza swali gumu: "Kumbe ningesema niandikie tu?" Ndiyo. Maneno matatu yangetosha, yasemwe kwa heshima na bila hasira: "Afande, niandikie faini." Yanauma, elfu thelathini si karanga. Lakini faini ina mwanzo na mwisho. Ukilipa, hati unaiweka kwenye droo, hakuna anayekupigia usiku kukuuliza umelala na nani. Hatusemi hivi kumlaumu mama. Aliyekosa ni mwenye mamlaka, si mwenye nyanya. Tunasema ili mwingine awe na maneno hayo mdomoni kabla hajasimamishwa, maana pale pembeni ya barabara ndipo maneno hupotea.

Na jambo likiwa limekwisha kutokea? Rushwa ya aina yoyote huripotiwa TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kuzungumza faraghani. Unaweza pia kumwandikia Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Kijana wa bodaboda alicheka: "Umshitaki polisi kwa polisi?" Tulimjibu kwamba mkuu yule naye ana wakubwa wake, na malalamiko yenye tarehe, saa na namba ni magumu kuyatupa kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Barua tuliiandika pamoja ubaoni, kila mmoja akitoa sentensi, kisha mama akainakili kwa mkono wake. Namba na tarehe tumeziondoa hapa:

"Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Mimi ni mfanyabiashara wa nyanya. Tarehe fulani, saa 2 asubuhi, nilisimamishwa na askari mwenye namba fulani, karibu na daraja. Aliniambia taa ya breki ya kushoto haiwaki. Ni kweli, haikuwa inawaka. Hakuniandikia faini. Alichukua namba yangu ya simu, na tangu siku hiyo amenipigia mara tisa, mara nyingine usiku. Ujumbe wake ninao. Sikumwomba anipigie. Naomba aache kunipigia, nami nikikosa barabarani niandikiwe faini kama madereva wengine. Taa nimekwisha itengeneza. Wako, mwananchi."

Sentensi ya taa kuwa kweli haiwaki ilizua ubishi wa nusu saa. Wengi walitaka ifutwe, eti anajishitaki mwenyewe. Mama ndiye aliyekataa. Alisema akificha la kwake, hata la askari litaonekana la kutunga.

Alipeleka barua mwenyewe, akiongozana na yule mama ambaye binti yake ni trafiki. Nakala yake iligongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Siku ya soko iliyofuata aliendesha mwenyewe, njia ile ile.

Zoezi la wiki hii: kila mwanakikundi aandike barua ya mistari isiyozidi kumi kuhusu jambo alilotendewa na mwenye mamlaka yeyote, awe trafiki, karani au mgambo. Itajwe siku, saa na mahali. Wanaoona askari wamesemwa kupita kiasi, na katika kikundi chetu wapo, nao waandike habari ya askari aliyewatendea haki. Barua hizo zisomwe kwa sauti kikundini, na nakala ibaki kwa mwandishi.