Somo la wiki: Langoni, ngomeni, bandarini

Jumamosi ijayo darasa la kati halitakaa skuli. Tutatembea Maskati ya kale, kuanzia lango kubwa mpaka mbele ya Qasr Al Alam, kisha turudi Matrah kabla jua halijawa kali. Someni haya kabla ya kuja. Safari inataka historia kidogo, na inataka ile -ni ya mwisho wa neno ambayo wengi wenu bado mnaikimbia.

Tuanze na mji. Maskati ya kale ni ndogo, imebanwa kati ya majabali na bahari, na mtu huipita kwa miguu bila kuchoka. Wareno, wakiongozwa na Afonso de Albuquerque, waliuteka mji huu mwaka 1507. Zile ngome mbili juu ya mawe, Al Mirani upande wa magharibi na Al Jalali upande wa mashariki, walizijenga miaka ya 1580 kuilinda bandari. Kasri liko chini, katikati yake. Mwaka 1650 Imam Sultan bin Saif aliwatoa. Mwanawe, Saif bin Sultan, akawafuata mpaka Afrika Mashariki, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikaanguka mwaka 1698. Baada ya hapo ndipo Waomani walipojenga Ngome Kongwe ya Unguja, ile iliyo karibu na Forodhani.

Wareno waliondoka, lakini baadhi ya maneno yao tunayo mpaka leo: meza, bendera, leso, karata. Ninalolipenda mimi ni gereza. Kwa Kireno igreja ni kanisa. Hapa Maskati, karibu na Al Mirani, kuna nyumba kongwe inayoitwa Bait Greiza, na jina lake limetokana na neno hilo hilo. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikatumika kufungia watu. Basi neno la kanisa likawa neno la jela. Al Jalali pia ilikuwa jela mpaka miaka ya 1970, kwa hivyo mkiitazama Jumamosi mnaweza kuiita gereza bila kukosea.

Sasa -ni. Ukisema "katika ngome" unaeleweka, lakini Kiswahili kinakupa zaidi. Ngome inakuwa ngomeni, lango linakuwa langoni, bandari inakuwa bandarini. Baada ya hapo unachagua: mahali maalumu, pa, upande au eneo kwa jumla, ku, ndani, m.

Langoni pana askari. Bandarini kuna meli. Ngomeni mna mizinga.

Na kwa wakati uliopita: Langoni palisimama askari. Bandarini kulikuja majahazi. Ngomeni mlifungwa watu.

Someni kwa sauti mara tatu. Anayesema "ngomeni kuna mizinga" hatukosoi, watu wengi husema hivyo. Lakini anayesema "mna" ameshakuingiza ndani ya kuta.

Mtaniuliza, kuna haja gani ya kusumbuka na herufi moja? Mimi kazi yangu ni uuguzi, na haja yake naiona huko. Wazee wetu waliozaliwa Unguja na Pemba, wakiugua hurudi kwenye Kiswahili, hata waliokaa huku miaka hamsini. Bibi akisema "kifuani panauma," anaonesha mahali pamoja, na kidole chake kinafika. Akisema "kunauma," ni upande mzima. Akisema "mnauma," maumivu yako ndani. Daktari hajui Kiswahili, anamgeukia mjukuu, na mjukuu anafasiri yote matatu kwa namna moja: kifua kinamuuma. Hajadanganya. Ila alichokisema bibi hakijafika kwa daktari.

Turudi mjini. Mpaka 1970 milango ya Maskati ilifungwa usiku, saa tatu baada ya jua kuzama, yaani saa tatu za usiku kwa saa yetu ya Kiswahili. Aliyetembea ndani baada ya hapo alitakiwa abebe fanusi ili aonekane. Wengi wa wazee wetu walikuja baada ya mwaka huo, hawakuyaona haya. Lakini huenda wana majirani au wakwe waliokuwapo. Waulizeni, na majibu muandike kwa Kiswahili hata kama mmejibiwa kwa Kiarabu.

Kazi ya nyumbani ni fupi. Mji Mkongwe wa Unguja una majina ya mitaa yenye -ni: Forodhani, Darajani, Mkunazini. Forodha ni mahali pa kulipia ushuru wa bidhaa, na neno lenyewe ni la Kiarabu. Mkunazi mnaujua, ni ule mti mnaouita sidri. Muombe babu au bibi akutajie jina jingine moja la namna hiyo, akueleze palikuwa na nini hapo, mkunazini humo alicheza na nani, darajani hapo aliuziwa nini. Andika sentensi tatu: moja ya pa, moja ya ku, moja ya m.

Tunakutana langoni saa mbili na nusu asubuhi. Leteni maji, kofia na viatu vya kutembelea. Wadogo zenu wa darasa la kwanza wanaweza kuja, mzazi mmoja akifuatana nao. Soko la Matrah tutaliingia mwisho, nusu saa tu, na humo sokoni kila mmoja atanitajia vitu vitano vilivyomo.