SOMO: UWANJA WA MAGARI WA CHAMA USILALE BURE



Mbele ya ghala la pamba la chama cha msingi aghalabu pana uwanja wa kuegesha malori. Msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, hapapatikani hata nafasi ya baiskeli. Msimu ukiisha, uwanja hubakia majani na mbuzi. Kwa chama kilicho karibu na mji, kama hapa Ibadakuli, hiyo ni mali iliyolala.

Jambo hili limefikiriwa kwingine pia. Mwaka 2020, Serikali ya Singapuri ilitangaza zabuni ya kulima mboga juu ya mapaa tisa ya majengo ya kuegesha magari katika mitaa ya nyumba za umma. Nafasi ilikuwapo, kilichohitajika ni uamuzi na utaratibu.

Hesabu ya mfano

Tuseme chama kinapangisha uwanja wake kwa soko la wiki, kuanzia Septemba hadi Machi, kwa Shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi 7 italeta Shilingi 1,050,000. Tukitoa Shilingi 250,000 za usafi na ulinzi, chama kitabaki na Shilingi 800,000.

Mambo ya kuzingatia

1. Uamuzi uwe wa Mkutano Mkuu, uandikwe katika muhtasari, na Ofisi ya Mrajis ishauriwe. Katibu hana mamlaka ya kumkaribisha rafiki yake aegeshe bure.

2. Mkataba uwe wa maandishi na ukome tarehe 31 Machi, ili Aprili iwe ya kusafisha. Mpangaji asijenge kitu cha kudumu.

3. Njia ya ghala ibaki wazi, kwa kuwa mbegu na viuadudu hupokelewa kabla ya kupanda.

4. Moto usiwashwe karibu na ghala. Mafuta ya magari na nyuzi za mifuko ya plastiki ziondolewe, maana zikichanganyika na pamba huishusha daraja.

5. Kila malipo yapewe stakabadhi na kuingizwa katika daftari la fedha siku hiyo hiyo.

6. Hati ya kiwanja ihifadhiwe. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, navyo vikarudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Viongozi hubadilika, maandishi ndiyo yanayomwonyesha mwenye mali.

Maswali ya kujadili

(a) Uwanja wa chama chenu hukaa bila kazi miezi mingapi?
(b) Ni nani anayeutumia sasa, na hulipa kiasi gani?
(c) Mapato yakipatikana, yatengeneze ghala, yanunue mizani, au yawekwe akiba?

Majibu yajadiliwe katika mkutano ujao wa wanachama.